Uzi Ndani ya Bawa

Jua lilikuwa limeinamia mashamba ya alizeti Zlatina alipotumwa kufunga kifuniko cha bawa la ndege ya njano. Kazi ya dakika kumi tu. Kesho yake, Jumamosi, ndege ilikuwa na mteja.

"Mpambe vizuri bibi harusi wangu!" Daktari Kalina alimtania, akiipungia ndege mkono na kuinama kuingia garini. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu kuliko wanaume wote wa pale Yambol, na aliikodi ndege hiyo kila wiki. "Mjomba wako bahili, lakini ndege yake haianguki."

"Bahili wewe, unayenirudishia tangi kavu!" mjomba Stamen alimjibu kutoka ofisini.

Wakacheka. Gari likaondoka.

Zamani mjomba alikuwa na ndege nne za kukodisha. Mbili zilianguka, zikaua watu watano. Lakini ya njano... hata injini ilipozimika angani, ilitua kama jani.

Zlatina aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano ili ajifunze ufundi kwa mjomba. Sheria ya kwanza aliyofundishwa ni kuhesabu vifaa kabla ya kufunga kifuniko, kisije kikabaki kimoja ndani. Akahesabu. Kumi na viwili. Akamulika tochi ndani ya bawa, kwa uhakika zaidi.

Kulikuwa na uzi.

Uzi mwekundu, umezungushwa kwenye ubavu wa bati. Ulinuka nta. Chini yake kulikuwa na mwingine, mkuukuu, mweusi kwa mafuta. Kila mmoja ulikuwa umefungiwa kadi ndogo, kwa maana mjomba hakuruhusu kitu kiingie kwenye ndege bila kadi yenye tarehe na sahihi. Hata hiki alishindwa kukiacha bila kadi.

Kadi kuukuu: *Gancho, 2 Aprili.*

Gancho alikuwa fundi wao. Pangaboi la ndege lilimkata tarehe kumi na mbili Mei. Zlatina ndiye aliyeosha sakafu.

Akahesabu kwa vidole. Siku arobaini.

Akageuza kadi mpya.

*Zlatina, 9 Agosti.*

Bibi yake alikuwa akisimulia habari za waashi wa zamani. Walisubiri saa ambayo kivuli kinalingana na mtu, wakakipima kwa uzi, wakaujengea uzi ukutani. Jengo halikuanguka kamwe. Mwenye kivuli hakuvuka siku ya arobaini.

Akakumbuka. Agosti ile mjomba alimsimamisha uwanjani, eti anapima mlango mpya wa banda. "Tulia, binti. Usigeuke."

Akaufungua uzi, akaukanyaga ncha moja, akainua nyingine. Ilifika utosini. Barabara.

Leo ilikuwa tarehe kumi na nane Septemba.

"Urudishe."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Alinong'ona kama mtu aliye kanisani.

"Mjomba... mimi mtoto wa dada yako."

"Na wale watano hawakuwa watoto wa watu? Kivuli nacho huisha muda wake, mwanangu, kama mkanda wa injini. Cha Gancho kimechoka. Unataka Kalina aanguke kesho?"

"Si ungepima chako!"

Mjomba aliokota spana. Alimrukia. Akamshika nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa bawa, mara moja, mara mbili. Jino likaruka. Damu ikamjaa kinywani, ya moto, yenye ladha ya chuma. Spana ikamshukia begani, akasikia mfupa ukilia. Akaanguka karibu na gurudumu, uzi bado mkononi. Akapapasa mfukoni, akatoa koleo.

Kacha!

Uzi ukakatika.

Ufunguo wa ndege ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake ukutani. Hakukuwa na mtu ndani ya ndege.

Injini ikakohoa.

Mjomba aligeuka. Alikuwa amesimama mbele ya pangaboi. Hakuwahi kupiga kelele. Ulisikika mlio mmoja, kama shoka kwenye tikiti... halafu ukuta wote ukawa mwekundu.

Injini ikazimika yenyewe.

Polisi walisema waya wa kuzimia injini ulikuwa umekatika, na kwamba marehemu alisukuma pangaboi kwa mkono, injini ikawaka. Zlatina hakubisha. Ila yeye mwenyewe aliukagua waya ule mchana. Ulikuwa mzima.

Walimzika mjomba tarehe ishirini. Jioni hiyo Zlatina alichoma nyuzi zote mbili.

Biashara ikawa yake. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Oktoba alifungua bawa kulikagua. Harufu ya nta ikamtangulia usoni.

Uzi. Mwekundu. Umefungwa kwa fundo la mjomba.

Kadi haikuwa na jina. Ilikuwa na sahihi ya mjomba, na tarehe: *21 Septemba.*

Zilibaki siku saba.

Akaukanyaga ncha moja, akainua nyingine huku machozi yakimtoka. Ikapita mdomo. Ikapita paji la uso. Ikapita utosi... ikazidi kwa shibiri nzima.

Hakuwa yeye.

Akashusha pumzi. Nje, mlango wa gari ukafungwa, na kivuli kirefu kikaingia bandani kabla ya mwenyewe.

"Haya, fundi! Bibi harusi wangu yuko tayari?"

Koleo lilikuwa mfukoni. Zlatina aliligusa. Kisha akaurudisha uzi mahali pake, akahesabu vifaa vyake kumi na viwili, akachukua bisibisi.

"Yuko tayari, daktari," alisema, akikaza parafujo ya mwisho. "Hawezi kuanguka."