Mimba ya Ida Haifichwi Tena

Ulikuwa msimu wa kupukuchua mahindi. Nyumbani kwa mama Lidwina, Matogoro, watu watatu walikuwa kazini tangu asubuhi. Alikuwepo mama Lidwina mwenyewe, mwanawe Dastan, na Ida, mke wa Dastan.

Ida alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtaani hakuna aliyejua. Alivaa sweta pana la mumewe, na ndani yake alijifunga kanga mbili kwa kukaza. Asubuhi sweta lilifaa, kwa sababu Matogoro kuna baridi. Sasa jua lilikuwa kali, lakini hakulivua.

Shauri hilo lilikuwa la mama mkwe. Mwaka jana Ida alipata mimba, akawaambia watu mapema. Ilipofika miezi mitatu, ikaharibika.

"Watu wana macho mabaya," mama Lidwina alisema. "Hii tutaificha mpaka ifikishe miezi saba. Na kliniki utaanza kwenda wakati huo. Ukionekana tu kwenye benchi la wajawazito, mtaa mzima utajua."

Ida alikubali. Alimtaka sana mtoto huyu. Aliogopa kumpoteza tena.

Siku hiyo alisimama ili amimine mahindi kwenye kiroba. Akaona giza. Alishika ukuta, akateleza taratibu, akakaa chini. Dastan alimkimbilia.

Leticia alikuwa anapita njiani, akaona. Yeye ni mhudumu wa afya wa jamii. Kazi yake ni kutembelea kaya za mtaa na kuwaelimisha watu kuhusu afya.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni jua tu hilo. Atapata nafuu."

"Jua la leo na sweta hili, hata mimi ningeanguka," Leticia alisema. Alimsaidia Ida kulivua. Akaziona kanga.

"Miezi mingapi?" aliuliza.

Ida alimtazama mama mkwe. Mama Lidwina alitazama mahindi.

"Mitano," Dastan alijibu.

Leticia alilegeza kanga. Kisha akavuta kidogo ngozi ya chini ya jicho la Ida. "Hapa ndani panatakiwa pawe pekundu. Kwako pamepauka. Nadhani una upungufu wa damu. Kituoni watapima tuwe na uhakika. Kizunguzungu unakipata mara ngapi?"

"Kila siku. Na nikipanda kilima, moyo unakwenda mbio."

"Mwanangu Leticia," mama Lidwina alisema, "mimi nimezaa watoto sita bila vipimo."

"Hongera, mama. Wako wapi sasa?"

Mama Lidwina aliokota bunzi la hindi, akaligeuza mkononi. "Wako wanne," alisema kwa sauti ndogo.

Leticia alikaa karibu naye. "Pole sana, mama. Sikuuliza ili nikuumize. Najua mnaogopa macho ya watu, lakini mimba ya mwaka jana haikuharibiwa nayo. Mimba changa nyingi huharibika, na mara nyingi si kosa la mama. Mimi sitamwambia mtu yeyote siri yenu. Lakini damu ya Ida haiwezi kungoja mpaka miezi saba."

Mama Lidwina aliliweka bunzi chini. Kisha akamwambia Dastan, "Kesho mpeleke. Mahindi nitabaki nayo mimi."

Kesho yake walikwenda kituo cha afya, mume na mke pamoja. Muuguzi alimpima Ida uzito, shinikizo la damu, mkojo na damu. Wote wawili walipimwa pia virusi vya UKIMWI, wakakutwa hawana. Wingi wa damu ya Ida ulikuwa tisa. Mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kumkinga na malaria. Kisha muuguzi aliweka kifaa tumboni. Mlio mdogo wa haraka ukasikika. Dastan alivua kofia.

"Huo ni moyo wa mwanao," muuguzi alisema.

Jioni Leticia alikuja kuwaona.

"Vidonge hivi vinafanya choo kiwe cheusi," alimwambia Ida. "Usiogope, usiache. Usivimeze na chai, chai inavizuia. Meza kwa maji, kisha kula chungwa."

"Na chakula?" mama Lidwina aliuliza. "Sisi tulikatazwa mayai, ati mtoto atazaliwa bila nywele."

"Mpe mayai, mama. Nywele zitaota tu. Ale pia maharage, dagaa na mboga za majani. Na alale ndani ya chandarua kila siku."

Ida aliuliza kwa aibu, "Ndani kuna kitu kinatekenya, kama samaki anayegeuka. Ni ugonjwa?"

Leticia alicheka. "Ni mtoto anacheza. Katika mimba ya miezi minne hadi sita, kichefuchefu hupungua, hamu ya chakula hurudi, mgongo huuma kidogo. Hayo ni ya kawaida. Lakini ukitokwa na damu au maji, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, ukipata homa au mtoto akiacha kucheza, nendeni kituoni saa hiyo hiyo. Msingoje kukuche."

Mwezi mmoja ukapita. Ida hakujifunga kanga za kukaza tena. Alikula vizuri, na vidonge hakuviruka hata siku moja. Siku ya kliniki ilipofika, mama Lidwina alivaa kitenge chake cha kanisani.

"Leo naenda mimi," alimwambia Dastan. "Wewe umeshausikia huo moyo."

Damu ilikuwa imepanda hadi kumi na nusu. "Bado kidogo, endelea hivyo hivyo," muuguzi alisema. Mama Lidwina aliusikiliza moyo wa mjukuu wake mara mbili. Mara ya pili aliomba mwenyewe.

Wakati wa kurudi, walikuta majirani wanachota maji bombani. Mmoja alimtazama Ida tumboni, kisha akaigeukia ndoo yake kwa adabu. Ida alishusha macho.

Mama Lidwina alisimama katikati ya njia. Alimshika Ida mkono.

"Mnaangalia nini? Ulizeni," aliwaambia. "Huyu ni mkwe wangu. Ana mimba ya miezi sita. Tunatoka kliniki, na mtoto ni mzima."