Mkato Mmoja kwenye Gurudumu

Breki ya mbele haikushika. Fundi aliibana mpaka mkono wake ukagusa usukani, lakini baiskeli ikazidi kushuka kana kwamba hakufanya kitu. Mvua ilikuwa imewakuta yeye na mkwewe juu ya mlima saa nane mchana, na ile njia nyembamba ya kushukia bondeni ilikuwa imegeuka mfereji wa tope na kokoto. Mbele kulikuwa na kona. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia hewa tupu. Akabana breki ya nyuma. Gurudumu la nyuma likateleza na kuja ubavuni, na mtu na baiskeli yake wakaenda kulia.

Aliporomoka kwenye majani, mawe na mizizi, akakomea chini kwenye korongo, mgongo wake ukiwa umeegemea kisiki. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Baba! Baba, upo?"

"Nipo. Usishuke mbio, utaniangukia."

Aliyeshuka alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, kinyozi mwenye chumba kimoja cha kunyolea nyuma ya stendi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wawili hao walipakia baiskeli juu ya lori la mboga, wakateremkia mguuni mwa mlima, wakapanda mpaka juu, kisha wakashuka upande wa pili kulala kwenye kijiji cha bondeni. Fundi alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa akipenda utulivu wa huko, mashamba ya ngazi ngazi na kengele za mbuzi. Zaidi ya yote alipenda kumtangulia kijana.

Kinyozi aliuangalia mguu, akakata matawi mawili, akachana taulo safi alilokuwa nalo begini.

"Itauma, Baba."

"Fanya kazi, acha hotuba."

Iliuma mpaka Fundi akaona nyota mchana. Mguu ulipokwisha kufungwa, alipumua, akasema, "Nivutie baiskeli yangu hapa."

"Baiskeli ya nini sasa?"

"Nimesema nivutie."

Baiskeli ikaletwa, imejaa tope. Fundi akapangusa nati ya gurudumu la mbele kwa kidole gumba, akainamisha uso.

Kila nati aliyoikaza katika karakana yake ya baiskeli aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma cha uma unaoshika gurudumu. Aliliita tone hilo lakiri. Nati ikiguswa na mtu, nusu mbili zinaachana, na Fundi anajua. Ijumaa jioni alikuwa amekagua baiskeli zote mbili na kuzitia lakiri. Asubuhi hakukagua tena. Lakiri ni lakiri. Na sasa nusu ya rangi ilikuwa juu, nusu ilikuwa chini, mbali kama watu waliogombana.

Kuna mtu alikuwa amefungua gurudumu lake usiku.

"Jana baada ya chakula," alisema polepole, "nani aliingia karakana?"

Kinyozi alikuwa akikunja taulo lililobaki. Akalikunja mara ya pili, ingawa lilikuwa limeshakunjwa.

"Mimi. Nilifuata pampu."

"Pampu ilikuwa begini tangu alasiri."

"Basi nilisahau, Baba."

Fundi akatazama pembeni. Mambo mengi yakaanza kujipanga kichwani mwake, na kila moja lilipata nafasi yake. Mwezi mzima kijana alikuwa akimwambia, "Pumzika sasa, Baba, karakana tutaangalia sisi." Mara mbili alikuwa ameingia jikoni na kumkuta akinong'ona na binti yake, na wote wawili wakaanza ghafla kuzungumzia chumvi. Karakana ilikuwa kando ya barabara kuu, yenye madirisha makubwa. Ukiweka vioo na viti vitatu vya kuzunguka, inakuwa saluni nzuri sana.

"Huku chini hakuna mtandao," Kinyozi alisema, akiitikisa simu kana kwamba imelala. "Nitashuka kwa baiskeli yangu mpaka kwenye kiwanda cha mbao. Itachukua saa moja hivi, au saa moja na nusu. Nitarudi na watu."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa. Chupa yako imepasuka, nakuachia yangu. Kunywa, usijibane."

"Sawa," alisema Fundi.

Alimsikiliza akipanda korongo, akasikia mnyororo wa baiskeli ukianza kucheza kule juu, kisha mvua ikameza kila kitu. Akaifungua chupa, akainusa. Ilinuka maji. Akainusa tena, akaifunga, akaiweka mbali kidogo na mkono wake. Kiu ilikuwa inamkwaruza koo, lakini hakunywa.

Baridi ilianzia vidoleni. Maji yaliyokuwa yakishuka korongo sasa yalifika kwenye kiuno chake. Alijisukuma juu kidogo, akaishika baiskeli isiondoke, na mvua ikawa inaliosha gurudumu mbele ya macho yake. Kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko wake, alipeleka kidole kwenye kitovu cha gurudumu kutafuta mikato yake. Magurudumu yote mawili ya mbele aliyasuka spoku kwa mikono yake mwenyewe, akayawekea alama kwa tupa: mikato mitatu lake, mmoja la mkwe.

Kidole kilipata mkato mmoja.

Akapapasa tena, akazungusha. Mmoja.

Hili halikuwa gurudumu lake. Lake lilikuwa kwenye baiskeli ya Kinyozi.

Fundi alifunga macho. Alhamisi, akisafisha ringi ya lile gurudumu lake, alikuwa ameona mstari mwembamba kama unywele karibu na tundu la kujazia upepo. Aliupitishia kidole gumba, akajiambia ni mkwaruzo. Hakuvaa miwani. Miaka arobaini na moja ya kazi, na Ijumaa akatia lakiri nyekundu juu ya ufa.

Mtu mwingine aliuona.

Na mtu huyo sasa alikuwa anashuka mlima juu ya gurudumu hilo, kwenye mawe, kwa haraka, kwa ajili ya mzee aliyekuwa amekaa hapa akinusa maji.

"Mkwe!" aliita. "Mkwe weee! Simama!" Sauti yake haikufika hata juu ya korongo.

Spana ilikuwa kwenye mkoba mdogo chini ya kiti. Alizifungua zile nati mbili, akalitoa gurudumu zima, akatia spana na chupa ndani ya shati. Kisha akaanza kupanda kwa kiwiko na goti moja. Alilitanguliza gurudumu, akalikwamisha kwenye mzizi, akajivuta mpaka akalifikia, akalitanguliza tena. Mara mbili liliponyoka, na mara mbili alilidaka kwa spoku, zikamkata vidole. Mguu uliofungwa ulikuwa ukipiga kelele kwa kila jiwe. Hakuwa na muda wa kuusikiliza.

Alipofika njiani alikaa kitako na kuanza kuteremka kwa matako kama mtoto kwenye ngazi, gurudumu mapajani. Katika tope aliona alama ya tairi ya Kinyozi, mstari mmoja ulionyooka. Aliufuata kona ya kwanza na kona ya pili. Baada ya kona ya tatu mstari ulianza kuyumba. Ukaelekea ukingoni, ukarudi, ukaelekea ukingoni tena. Kisha hakukuwa na mstari.

Fundi alikaa pale akiuangalia ukingo. Hakuthubutu kuchungulia.

"Nilikuambia ukae!"

Kinyozi alikuwa anapanda kwa miguu kutoka chini ya ukingo, baiskeli begani, damu ikimtoka kwenye nyusi. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika katikati kama chapati.

"Nimekuletea gurudumu lako," Fundi alisema.

Kinyozi aliitua baiskeli. Akalitazama lile gurudumu, akamtazama mzee.

"Umejua."

"Uliona ufa."

"Jumatano. Nilikuja kuazima mafuta ya mnyororo."

"Na ulimi ulikuwa umeuacha wapi?"

"Ningekuambia ungesikia? Nilipokuambia mnyororo umelegea, ulinijibu nirudi kwenye ndevu za watu. Mbele ya wateja." Akajifuta damu. "Nikauliza nyumbani. Binti yako akasema, babangu hataki kuambiwa, mbadilishie kimya kimya."

Fundi aliligeuza lile gurudumu mapajani.

"Breki zako ulizifanyaje?"

"Zangu zilisugua, nikazilegeza."

"Na zangu?"

"Zako hazikusugua. Nikaona ziko sawa."

"Ringi yako ni nyembamba kuliko yangu. Zilipaswa kusogezwa ndani."

Kinyozi alielewa polepole. Midomo yake ikapauka. "Basi ni mimi niliyekuangusha."

"Tumeangushana. Shika spana."

Alipoitoa spana kwenye shati, chupa ikatoka nayo, imejaa hadi shingoni. Kinyozi aliiona. Akaifungua kifuniko, akampa, akageuka upande mwingine kufungua nati, na Fundi akanywa akiwa ameinamisha kichwa.

Walilifunga gurudumu kwenye mvua, mzee akielekeza, kijana akikaza. "Sogeza breki. Bado. Bado kidogo. Hapo." Kisha Fundi alipandishwa kwenye keria, mguu umefungwa kwenye fremu, na Kinyozi akatembea pembeni ameshika breki mikono miwili, hatua kwa hatua, mpaka wakasikia msumeno wa kiwanda. Vibarua wa mbao waliwakuta langoni giza likianza kuingia, wakawabeba wote wawili.

Wiki sita baadaye Fundi alikuwa amekaa kwenye karakana, mguu uliotiwa plasta ukiwa juu ya stuli, wateja wawili wakisubiri. Kama Kinyozi aliitaka karakana, hakusema, na Fundi hakuuliza. Jumamosi hizo alikuja tu kuinamia mahali ambapo mzee hakuweza kuinama.

Siku hiyo alizungusha gurudumu la baiskeli ambayo Fundi alikuwa ameshaipitisha. Akalizungusha tena.

"Baba," alisema, bila kunong'ona, "hili bado."

Wateja wakageuka kuwatazama. Fundi alitazama ringi, hakuona kitu. Kichupa cha rangi nyekundu kilikuwa wazi mkononi mwake, brashi imeshachovywa. Akairudisha brashi ndani, akafunga, akatafuta miwani mfukoni.

"Nionyeshe," alisema.