Karata Nyekundu Hurudi Nyuma

Duka la vifaa vya shule lilifurika kama muhula unafunguliwa dakika hiyohiyo. Mikono miwili ikashika pakiti moja ya karata.

"Dada, niachie. Nimeishika mimi kwanza."

"Kaka, mimi ninafundishia hesabu."

"Kwa karata? Ndiyo maana watoto wanafeli!"

"Mwenzangu unafanya kazi gani?"

"Mkaguzi wa shule."

Mwalimu alicheka mpaka gauni lake la njano likatikisika. Mkaguzi, shati limenyooshwa pasi mpaka linakata, aliiachia pakiti na kuomba namba ya simu.

Mapenzi yao yalikolea sakafuni, nyumbani kwa Mwalimu. Alichora mstari kwa chaki, sifuri katikati. Karata nyeusi, unakwenda mbele. Nyekundu, unarudi nyuma.

"Una tatu nyeusi, tano nyekundu. Uko wapi, laazizi?"

Mkaguzi alitembea peku, akasimama nyuma ya sifuri. "Hasi mbili! Kumbe! Miaka yote nilikuwa nakariri tu."

"Usimwambie mtu," Mwalimu alimtania.

Hakumwambia mtu, na hapo ndipo alipoharibu.

Wakubwa wa elimu tunawajua tangu tukivaa kaptula: mtoto akicheka kwenye hesabu, wao wanatafuta fimbo. Siku Bosi wa ukaguzi alipoingia darasani kwa Mwalimu, Mkaguzi akimfuata na tai shingoni, watoto walikuwa wanarukaruka kwenye mstari wakishangilia majibu.

"Kamari shuleni!" Bosi alizoa karata zote. "Wewe kijana, umewahi kuona ufundishaji wa namna hii?"

Mwalimu alimtazama mpenzi wake.

"Hapana, mzee. Sijawahi."

Mwalimu alipewa onyo: akirudia, kazi hana. Mlangoni Mkaguzi alimnong'oneza, "Nisamehe, mpenzi."

Jioni alipiga simu.

"Ungekosea hesabu, ningekufundisha tena," Mwalimu alisema. "Lakini umenikana mbele ya watoto wangu. Nikawafundishe nini sasa?" Akakata.

Aibu ilimfuata Mkaguzi kazini. Kila shule aliyokagua, watoto waliimba majedwali ya kuzidisha bila kuelewa, vilevile alivyoimbishwa yeye, naye akawapa alama ya vema.

Ndipo asubuhi moja akaingia darasani kwa Mwalimu bila tai, akampigia Bosi simu, akaiweka sauti kubwa.

"Mzee, nilikudanganya. Karata zile nazijua. Mimi mwenyewe sikuelewa namba hasi mpaka yule mwalimu aliponifundisha kwa karata, sakafuni kwake."

"Sakafuni kwake ulifuata nini?"

Mkaguzi alitokwa jasho. Watoto walimkodolea macho.

"Ni mchumba wangu, mzee."

"Ofisini kwangu, sasa hivi! Na barua ya kujieleza uje nayo!" Simu ikakatika.

Mwalimu alifunga mikono kifuani. "Mchumba? Mbona huyo mchumba hajaulizwa?"

Mkaguzi aliinamisha kichwa, akamsogelea sikioni.

"Hapana," Mwalimu akamrudisha kwa kidole. "Kaa hukohuko mbele. Uliza, na usininong'oneze."