Wanaotaka, Wasimame

Ngazi za chini ya Bunge zilinuka rangi mbichi. Siafu, afisa wa usalama, alizishuka tatu tatu, bastola yake ya Glock mkononi.

Mbele yake alikimbia fundi bandia, raia wa kigeni aliyetumwa na wenzake wa nje kuvuruga kura.

Risasi ikampita Siafu karibu na sikio.

Hakurudisha risasi. Alimrukia mgongoni, akamnyang'anya bastola, akamfunga pingu kwenye bomba la maji.

"Umechelewa, dada," jamaa akacheka. "Mashine ya kura nimeshaichezea. Kila 'ndiyo' itasomeka 'hapana'."

Juu, wabunge walijiandaa kubonyeza vitufe. Rais aendelee kuchaguliwa na wao, au sasa achaguliwe na wananchi? Mama yake Siafu alikufa akiingoja siku hii.

Akawasha redio. "Bosi, naomba kuzima umeme."

"Subiri kibali cha kamati."

"Kamati iko wapi?"

"Wanakunywa chai."

Chai! Nchi inaibwa mchana kweupe, wakubwa wanapuliza vikombe!

"Bosi, sikusikii," alisema Siafu, ingawa alimsikia vizuri sana.

Akashusha swichi kuu.

Alipofika mlango wa ukumbi, mwanga wa madirishani ulitosha. Spika aligonga meza.

"Vitufe vimekufa! Wanaotaka wananchi wamchague rais, wasimame!"

Wakasimama. Karani akahesabu, akarudia.

"Imepungua kura moja kutimiza idadi, Mheshimiwa."

Ndipo Siafu akamwona mjomba wake kwenye viti vya wabunge. Amekaa.

Mjomba aliyemlea! Yule yule aliyekauka koo majukwaani akidai mageuzi haya haya! Kumbe kura ya siri ya kitufe ndiyo ilikuwa maficho yake. Angebonyeza 'hapana', kisha jioni aje nyumbani kujigamba. Siafu alitamani kumzaba kofi.

Macho yao yakakutana. Mjomba akainamia viatu vyake.

Wabunge wakaanza kumgeukia, mmoja mmoja. Mtu akacheka pembeni. Mjomba akakohoa, akafunga kifungo cha koti, akasimama.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Siafu hakupiga hata kofi moja.

Alikuwa ameshafika kwenye pikipiki yake simu ilipoita.

"Mwanangu, umeona? Tumeshinda!"

"Nimeona, mjomba."

"Basi Jumapili uje tule pamoja kama kawaida. Mama zako wadogo watakuwepo."



"Jumapili nina kazi, mjomba."

Hakuwa na kazi yoyote. Akakata simu, akavaa helmeti, akaondoka taratibu.