Kijiko cha Kumi na Moja

"Haingii mtu hapa!" Mama Redio alikuwa ameuziba mlango wa ua kwa mwili wake wote, upawa mkononi. "Si huyu fundi cherehani ndiye aliyefanya ukafukuzwa kazi? Leo kafuata nini, vipimo vya kiuno?"

"Jirani, huo mlango ni wangu," mlezi wa wazee alijibu kutoka ndani.

"Mlango wako, lakini machozi yako niliyafuta mimi!"

Fundi alisimama juani, shati jeusi limempwaya, bahasha kifuani.

Yeye na mlezi walijuana kwenye makao ya wazee, saa ya kutembelewa, korido imefurika watu. Mlezi, katika gauni lake la kazi la samawati, alimsimamisha. "Wewe ndiye fundi? Mama yako hataki kuvishwa bibu akila. Anasema yeye si mtoto mchanga. Hebu mshonee kitu cha heshima."

Akashona vifua vya blauzi, na kola na vifungo vyake, vya kufungwa shingoni wakati wa kula. Alivipeleka kimoja kimoja.

"Kwani kitambaa kimeadimika?" mlezi alimtania kwenye simu.

"Kitambaa tele, mpenzi. Visingizio vya kukuona ndivyo haba."

Kisha mchana mmoja fundi akaenda bila taarifa. Dirishani alimwona mama yake akihangaika na kijiko, mkono unatetemeka, mchuzi unadondokea kola. Mlezi kaketi kando, vidole viwili chini ya kiwiko cha mama, basi. Fundi hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja ofisini: "Mama yangu ana njaa, na mtu kakaa anamtazama!"

Kesho yake mlezi hakuwa na kazi. Alipiga simu mara saba, fundi hakupokea.

Mlezi mpya alikuwa hodari wa haraka. Alilisha akiwa amesimama, sahani dakika tano, kama anayejaza pamba kwenye mto. Mama akafunga mdomo.

"Yule binti alikuwa ananisubiri," alimnong'oneza mwanawe. Fundi akaelewa, ila mama alikuwa hamezi tena hata maji. Walimzika wiki tatu zilizopita.

"Nimekuta hiki chini ya mto wake," fundi alisema sasa, pale mlangoni, akichomoa kwenye bahasha kifua cha blauzi nyeupe. Kolani palikuwa na doa la mchuzi. "Ni cha siku ile. Alikataa kisifuliwe..."

Mlezi alitoka, nywele timutimu, gauni la nyumbani. Akalipapasa lile doa.

"Siku ile alikula vijiko kumi na moja. Mwenyewe. Nilikuwa nakupigia nikuambie."

Fundi alijifunika uso. Mama Redio akashusha upawa, akaangalia pembeni.

"Umekula lini?" mlezi aliuliza.

Hakukumbuka.

"Jirani, mpishe."

"Nampisha, lakini sijamsamehe!"

"Hata mimi sijui kama nimemsamehe." Mlezi alikunja kile kitambaa, akakishika kwa mikono miwili. "Ila chakula kipo. Ingia ule. Taratibu tu, hakuna anayekuharakisha."