Ngazi Nyeupe za Darlene

Jamani majirani, nyumba ya Darlene Hoekstra, hapa mtaani kwetu Grand Rapids, ilikuwa nyumba ya amani. Jumapili baada ya kanisa ungemkuta mama yake, Bi Wilma, kwenye kiti chake cha kahawia, anamenya viazi huku akiimba. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini nyumba aliijua kwa mikono. Ukingoni pa kila kidato cha ngazi palibandikwa utepe wa njano, na ndio aliokuwa akiufuata akishuka.

Kisha Darlene akaingiwa na ugonjwa wa mitindo.

Alianza na mtindo wa nyumba ya shamba: mbao zenye mikwaruzo, mlango wa kuteleza kama wa zizi, meza nzito. Haukuwa mbaya, maana Bi Wilma alipata pa kujishikia. Mwaka haujaisha, Darlene akaona umepitwa. Akaleta mtindo wa karakana: matofali yasiyopigwa lipu, vyuma vyeusi, balbu zinazoning'inia bila kifuniko. Bi Wilma alilalamika kwamba anaishi gereji, ila bomba la chuma la kushikia, lililowekwa ngazini, lilimfaa sana.

Halafu ukaja wa Kiskandinavia. Huo unataka weupe, mbao nyepesi na vitu vichache. Darlene alikuwa amepata nafasi kwenye ziara ya Krismasi, ile ambayo mtaa mzima tunapita kuangalia sebule za wenzetu. Basi kuta nyeupe, sakafu nyeupe, ngazi nyeupe pe! Bomba likang'olewa, kiti cha kahawia kikatupwa gereji. Utepe wa njano aliubandua kwa kucha zake mwenyewe.

"Mwanangu, sasa nitajuaje kidato kinaishia wapi?" Bi Wilma aliuliza asubuhi ya ziara.

"Mama, mpaka ziara ipite tu. Ule utepe unaharibu picha nzima!"

"Hiyo picha ndiyo itanishika mkono?"

"Aa, Mama nawe! Kaa juu chumbani, nitakuletea kahawa."

Kahawa haikupelekwa. Wageni walijaa, wote tumevua viatu mlangoni, na Darlene akasahau kabisa kwamba juu kuna mtu. Mgeni mmoja alikuwa akimwambia, "Umetuweza, shoga! Nyumba kama ya gazetini!" Bi Wilma akaamua kuifuata kahawa yake mwenyewe, na soksi zake miguuni. Tukasikia kishindo.

Nyonga ilivunjika. Alitoka hospitali akapelekwa nyumba ya wazee. Darlene alimpelekea kile kiti cha kahawia, akapiga magoti mbele yake.

"Nimeubandika tena utepe, Mama. Turudi nyumbani."

Bi Wilma akapapasa mkono wa kiti. "Kule sina pa kushika, mwanangu. Niache hapa."

Theluji haijayeyuka, tukamzika. Utepe wa njano bado upo kwenye zile ngazi nyeupe, na hakuna anayeuhitaji. Inauma, jamani.

Funzo

Pamba nyumba kwa mtindo uupendao, wa shamba, wa karakana au mweupe wote, hakuna atakayekulaumu. Lakini mgeni anakaa saa moja tu, mzazi wako anaishi humo. Wewe unayesoma, kabla hujang'oa kitu, muulize mzee wako kama ndicho anachoshika. Na akikujibu, msikilize.