Kipande cha Tangi la Kumi na Nne

Watu sita waliingia tangi la kumi na nne la meli asubuhi ile, na watu sita wakatoka. Kunjalavi aliwahesabu mwenyewe, kama alivyohesabu watu kwa miaka kumi na tisa, na kila aliyetoka alichukua kipande chake cha shaba chenye namba, alichokitundika ubaoni alipoingia, akakivaa shingoni. Ubao ukabaki mtupu. Ndipo chini, ndani ya giza la tangi, kukagongwa mara tatu.

Sasidharan, mchomeleaji aliyetoka wa mwisho, alikuwa bado anavua glavu. Akasimama hivyo hivyo, moja mkononi na nyingine bado imevaliwa.

"Kaka Alavi, nani kabaki?"

"Hakuna," alijibu Kunjalavi. "Chuma kinapoa."

Kweli chuma hulia kikipoa. Lakini hakilii mara tatu kwa mpigo uliopimwa. Watu wa karakana ile ya meli walikuwa na desturi yao: aliye ndani akitaka kutoka hugonga mara tatu kwa nyundo, na mlinzi wa tundu la kuingilia aliye juu humjibu mara moja, maana yake nipo, toka. Kazi ya Kunjalavi ilikuwa hiyo tu, kukaa kwenye tundu, kuangalia vipande, kujibu. Siku hiyo hakujibu. Alisukuma kifuniko mahali pake, akajikinga kwa Mola kimoyomoyo, akamwambia Sasidharan waende wakanywe chai.

Meli yenyewe ilikuwa fahari ya mji mzima wa Kochi. Nchi iliyozoea kununua meli kuukuu zilizochokwa na wenyewe, sasa ilikuwa imejijengea yake ya kubebea ndege, chuma chake, jasho lake, na katika vibanda vya chai hakuna aliyekosa shemeji au binamu aliyeshika msumari wake mmoja. Ndani yake kulikuwa na vyumba zaidi ya elfu mbili. Mtu angeweza kufanya kazi humo mwaka mzima asione jua wala asikanyage mahali pamoja mara mbili. Kunjalavi alipokuwa akipita mtaani kwake Mattancherry, watu walimwamkia kwa heshima mbili, ya meli na ya msikiti, maana ndiye aliyekuwa akiadhini pale ambapo muadhini hayupo.

Jioni ile mkewe Biyyathu alipokea shati lake la kazi, akalinusa, akakunja uso.

"Haya, baba Suhara. Umeoa huko melini?"

"Nini tena?"

"Mafuta ya haradali haya. Mimi napaka nazi, mama yangu alipaka nazi, na wewe kichwa chako ni cha nazi tangu nikujue. Huyu wa haradali ametoka wapi?"

Alisema kwa utani, na Kunjalavi akacheka kidogo, lakini akalichukua shati lile akalinusa mwenyewe. Alimjua mmoja tu aliyepaka haradali nyingi kiasi kile, mpaka kofia yake ngumu ikateleza. Alikuwa kibarua kutoka jimbo la mbali la Odisha, jina lake Dukhabandhu, na alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, ndani ya tangi hilo hilo la kumi na nne.

Ijumaa iliyofuata, Kunjalavi akiwa msikitini, Biyyathu alikuwa jikoni akipara samaki. Adhana ilipokwisha tu, pumzi ikamkatika. Jirani alimkuta ameketi sakafuni, midomo imegeuka rangi, anapiga ukuta kwa ngumi. Alipiga tatu, akapumzika, akapiga tatu tena. Baada ya robo saa ikamwachia. Jumamosi saa ile ile ikamrudia, na Jumapili pia. Walimpeleka hospitali, wakampiga picha ya kifua, daktari akasema mapafu ni mazima kama ya msichana. Lakini kila siku ilimshika muda mrefu zaidi kuliko jana, na harufu ya haradali ilitangulia chumbani kabla yake, kama mtu anayebisha hodi. Biyyathu hakutania tena. Siku moja alimshika mumewe mkono akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kila ikimjia anaona yuko mahali peusi, pa chuma, na juu yake kuna duara dogo la mwanga, na katika duara lile hakuna mtu.

Kunjalavi alienda kwa Sharifu Muthukoya, ambaye babu zake walikuwa wakiandikia wagonjwa kombe tangu zamani. Sharifu alimsikiliza, hakuuliza mengi. Akachukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani, akamimina maji ya kisima ili maandishi yayeyuke mgonjwa anywe. Maandishi hayakuyeyuka. Akamimina tena, akasugua kwa kidole, na maji yakabaki meupe na wino umeshikamana na sahani kama umechomelewa.

Sharifu akaiweka chini taratibu.

"Mtu akifa, roho yake iko kwa Mola, hairudi kugonga vyuma," alisema. "Lakini kila mtu ana karini wake, jini aliyezaliwa naye. Huyo aliona yote. Naye amebaki pale bwana wake alipoachwa, anangoja mtu aseme. Kuna maneno yanatakiwa yatangulie kabla ya haya yangu, Alavi. Unayo wewe."

Hapo Kunjalavi alilia, na akasema. Ilikuwa Ijumaa. Dukhabandhu alikuwa mgeni kazini, hajapewa kipande, na sheria ni kwamba asiye na kipande haingii. Lakini msimamizi alikuwa anaharakisha kazi, na Kunjalavi alikuwa anaharakisha Ijumaa, hakutaka mabishano. Akamwambia shuka tu, kipande utakipata baadaye. Adhana ikalia upande wa pili wa ukuta. Wengine walikuwa wameshatoka, ubao ulikuwa mtupu, na macho yake yakaamini ubao. Akaenda kuswali. Huko chini mpira wa gesi ulikuwa unavuja, gesi ya kuchomelea isiyo na harufu wala rangi, inayoshuka na kujaa kama maji, mtu akazama humo akiwa amesimama. Alipoulizwa, Kunjalavi alisema hakumwona, labda aliingia kinyemela akalale. Ikaandikwa hivyo. Mama yake Dukhabandhu huko kwao akaambiwa mwanawe amekufa kwa uvivu.

"Ni hayo tu?" Sharifu aliuliza.

"Ni hayo," alisema Kunjalavi.

Kesho yake alisimama mbele ya Madamu Lathika, mkuu wa usalama, akayarudia yote. Yule mama alimsikiliza bila kumkatiza, akaandika. Alisema mama wa marehemu ataandikiwa ukweli. Alisema pia kwamba Kunjalavi hatakaa tena kwenye tundu lolote maisha yake, atapelekwa ghalani, na arudishe kipande chake. Akakirudisha, akakiona kikitumbukia sandukuni. Na kwa kuwa Sasidharan aliomba, kilichongwa kipande kipya chenye jina la Dukhabandhu, kikatundikwa penye tundu la tangi la kumi na nne. Asubuhi yake hakikuwepo. Wachomeleaji walielewa, kila mmoja kwa namna yake, kwa kuwa pale aliyetoka ndiye anayechukua kipande chake.

Siku hiyo adhuhuri ilipita, na Biyyathu akapumua. Ikapita ya pili, ikapita ya tatu. Akarudi jikoni, akarudia utani wake, akasema sasa ameolewa na mtu wa ghala.

Meli ikatoka kwa majaribio ya bahari. Watu walijaa ukingoni, wazee wakifuta macho, na Kunjalavi naye alitazama kwa mbali, hakuthubutu kupunga mkono. Siku ya pili simu yake ililia. Alikuwa Sasidharan, aliyekuwa ndani ya meli pamoja na mafundi, na mawimbi ya simu yalikuwa yanakatika.

"Kaka Alavi, usinitanie. Kipande chako kinafanya nini huku?"

"Kipi?"

"Cha kwako. Namba yako. Kimetundikwa tangi la kumi na nne, kana kwamba uko ndani. Nimekitoa jana nikakitia mfukoni. Leo kipo ubaoni tena."

Simu ikakatika. Kunjalavi alibaki ameketi kitandani, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia adhuhuri, na adhana ikaanza, na kabla haijafika mwisho akasikia kifua chake kikijaa kitu kisicho na uzito wala harufu, kinachopanda kutoka miguuni kama maji ya masika yanayoingia nyumbani bila kelele, na dirisha lililokuwa wazi mbele yake likaanza kwenda mbali, likawa dogo, likawa duara, duara la mwanga lililo juu sana ambalo hakuna kichwa cha mtu ndani yake, na ndipo harufu ya haradali ikaja, nzito, ya karibu kabisa, kama ya mtu aliyeketi bega kwa bega naye kitandani, na ndani ya ukuta, siyo nje yake, kukagongwa mara tatu.

Biyyathu alimkuta katika hali ile. Alimpigapiga mgongo, akamshika mkono akamsomea dua, akamwita kwa jina lake ambalo hakuwahi kumwita tangu waoane. Na Kunjalavi, kwa pumzi kidogo iliyobaki, alisema lile alilolificha kwa Sharifu, na kwa Madamu Lathika, na hata katika sijda zake, ambako Mola alikuwa akilijua muda wote.

"Nilimsikia."

"Nani?"

"Nilikuwa nimeshavaa viatu. Aligonga tatu. Nilimsikia vizuri. Nikasema moyoni, baada ya swala."

Biyyathu alimwachia mkono. Ukuta ukagongwa tena, mara tatu, polepole, kama mtu aliyechoka ambaye hana tena nguvu ya nyundo. Kunjalavi akatambaa mpaka pale, akachukua mwichi wa kinu uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akaupiga ukuta mara moja.

Nipo, toka.

Kukawa kimya. Kisha wote wawili wakasikia nyayo zisizo na viatu zikipita sakafuni kati yao, bila haraka, hata pazia la mlangoni likasogea na kurudi. Pumzi ikamrudia Kunjalavi kwa mkupuo mmoja, akalia kama mtoto. Jumatatu alikwenda kwa Madamu Lathika akamwambia na hilo, naye akaliandika chini ya yale mengine bila kuinua macho. Biyyathu alipika, alifua, alimwekea chakula. Ila tangu siku ile hakumtania tena.

Meli iliporudi, Sasidharan alipiga simu akiwa bado gatini. Alisema kipande hakipo tena ubaoni. Amewauliza wote, hakuna aliyekigusa. Je, kaka Alavi anajua kiko wapi?

Ilikuwa Ijumaa, na Kunjalavi alikuwa amevaa kanzu yake safi, tayari kwenda msikitini. Aliingiza mkono mfukoni kutafuta tasbihi, na vidole vyake vikakuta kipande chake cha shaba, baridi kama kilichotoka chini ya bahari, chenye utelezi wa mafuta ya haradali.